Uzi maalumu: kumodeli namna madaktari wanavyochagua tiba ya saratani kwa kutumia majalada ya kliniki

Loleza

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni kwa wanaofanya utafiti wa maamuzi ya tiba kwenye hospitali za Nyanda za Juu Kusini, hasa vijana wa uzamili. Nachukua mfano mmoja, saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu majalada yake ni mengi na machaguo yake yanahesabika.

Swali la kawaida huwa hivi: kwa nini mama huyu alipelekwa upasuaji, yule mionzi na kemo (dawa za kuua seli za saratani), yule mionzi peke yake, na yule wa nne tiba shufaa (ya kupunguza maumivu tu)? Mtu anakusanya majalada 300, anayajaza kwenye Excel mstari mmoja kwa mgonjwa mmoja, anapiga regresheni ya logisti (modeli ya kukadiria uwezekano wa chaguo), na jibu linatoka kwamba madaktari "hawapendelei" kemo kwa wagonjwa wa Chunya na Kyela. Hapo kazi imeharibika tayari. Modeli imeambiwa kila daktari alikuwa na machaguo manne mezani kila siku. Kumbe mgonjwa wa hatua IIIB (ugonjwa umefika ukuta wa nyonga au figo zimejaa maji) upasuaji haukuwepo tangu mwanzo, na mwingine dawa haikuwepo wiki ile. Modeli haijui habari za stoo. Upungufu wote inauandika kwa jina la "upendeleo wa daktari".

Dawa yake ni kupanga data kwa urefu: kila mgonjwa anapata mistari mingi kadiri ya machaguo yaliyokuwepo *siku uamuzi ulipofanyika*. Safu ni namba ya mgonjwa, hatua, chaguo, na 1 kwa lililochukuliwa.

041 | IIIB | mionzi_kemo | 0
041 | IIIB | mionzi_tupu | 1
041 | IIIB | shufaa | 0
042 | IB1 | upasuaji | 1
042 | IB1 | mionzi_kemo | 0
042 | IB1 | mionzi_tupu | 0
042 | IB1 | shufaa | 0

Mgonjwa 041 hana mstari wa upasuaji. Hatujaandika sifuri, tumeuondoa mstari wenyewe. Sifuri maana yake daktari alikiona akakiacha. Kutokuwepo kwa mstari maana yake hakikuwa mezani.

Hii ndiyo logiti ya masharti aliyoiweka Daniel McFadden mwaka 1974, iliyomchangia kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000. Kwenye R, njia nyepesi ni `clogit` ya kifurushi cha survival, na namba ya mgonjwa inakaa kwenye `strata()`. Kwenye Stata ni `cmclogit`. Zote mbili hazilalamiki wagonjwa wakiwa na idadi tofauti ya mistari.

Tahadhari moja kabla sijasahau. Umri wa mgonjwa haubadiliki kati ya mistari yake, kwa hiyo ukiuingiza peke yake utatoka bila namba. Lazima uzidishwe na chaguo. Tengeneza safu kwa mkono: `umri_kemo`, `umri_tupu`, `umri_shufaa`, na chaguo la rejea (la kulinganishia, hapa upasuaji) libaki bila safu. Ukiiachia programu izidishe yenyewe, itaacha safu moja wazi, na mara nyingi siyo ile uliyoiweka kuwa rejea. Hapo unasoma namba za umri dhidi ya shufaa huku ukidhani ni dhidi ya upasuaji.

Karibuni, mkosoe.

---

Binti wa Tukuyu

Mkuu Loleza, uzi mzuri, ila hapo kwenye dawa umechanganya maamuzi mawili. Stoo ya wapi?

Jalada likiishia na barua ya rufaa kwenda Ocean Road (taasisi ya saratani ya Dar es Salaam), daktari wa huku hakuchagua kati ya "mionzi na kemo" na "mionzi tupu". Alichagua kati ya kupasua, kutoa rufaa ya mionzi, na shufaa. Nani apewe sisplatini (dawa ya kemo) kila wiki ni uamuzi wa daktari wa mionzi, mgonjwa akishafika, kwa vipimo vya siku hiyo. Ukiunganisha hayo mawili kwenye mstari mmoja unamhukumu daktari wa kwanza kwa uamuzi wa wa pili, na stoo unayoikagua siyo inayohusika.

Mimi ningegawa mti hivi:

Tawi la kwanza: tiba ya kuponya au shufaa.
Tawi la pili, kwa waliopita la kwanza: upasuaji au rufaa ya mionzi.
Tawi la tatu, kwa waliofika tu: na kemo au bila kemo.

Kila tawi lina tarehe yake, daktari wake na vipimo vyake.

---

Loleza

Dada, nimekubali bila ubishi. Mfano wangu wa 041 unafaa kwa tawi la tatu tu, na 042 ni wa tawi la pili. Wasomaji, fuateni mti wa Binti wa Tukuyu.

Niongeze kwamba tawi la tatu linakula watu. Aliyepewa rufaa asifike hayumo, na wasiofika hawafanani na waliofika. Safari ya Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na mionzi ya nje peke yake huwa kama vipindi 25, siku tano kwa wiki. Hiyo ni wiki tano za kula na kulala mjini kabla hujahesabu mionzi ya ndani. Kwa hiyo andika wazi kwamba matokeo ya tawi la tatu yanawahusu waliofika.

---

Mzee wa Kabwe

Nyie mmerukia matawi bila kueleza kwa nini mti unahitajika hata pale uamuzi ukiwa wa daktari mmoja. Ngoja nieleze kwa lugha ya stendi.

Abiria pale Kabwe wana njia mbili za kwenda Uyole: bajaji au daladala. Tuseme nusu kwa nusu. Kesho mwenye daladala anapaka nusu ya magari yake rangi nyingine. Safari ni ile ile, nauli ile ile. Ukiandika daladala za rangi mbili kama machaguo mawili, logiti ya kawaida itakwambia bajaji imebaki na theluthi moja. Nani ameacha bajaji kwa sababu ya rangi? Logiti ya kawaida ina sharti kwamba uwiano kati ya machaguo mawili hauguswi na kuwepo kwa la tatu.

Sasa badilisha majina. "Mionzi na sisplatini" na "mionzi na kaboplatini" ni daladala za rangi mbili. Ukiyaweka kama machaguo huru pamoja na upasuaji, unaushusha upasuaji bila sababu. Yaweke kwenye kiota kimoja, utumie logiti ya viota. Halafu angalia kigezo cha kiota: kinatakiwa kukaa kati ya 0 na 1. Kikikaribia 1, kiota hakikuwa na kazi. Kikivuka 1, usichapishe. Mara nyingi umeviweka pamoja vitu visivyo ndugu, au kuna kitu muhimu umekisahau.

---

Uyole Data

Mzee umenichekesha na bajaji, lakini umeeleweka.

Kabla ya viota, wakuu, angalieni safu ya hatua ya ugonjwa. Hapa ndipo nimeona data nyingi zikifa. Shirika la FIGO (la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi) lilibadilisha madaraja mwaka 2018, na jina lile lile sasa lina maana nyingine.

Kwa mfumo wa zamani, IB2 ni uvimbe *unaozidi* sentimita 4. Kwa mfumo wa 2018, IB2 ni kuanzia sentimita 2 mpaka chini ya 4, na ule mkubwa umehamia IB3. Mgonjwa wa "IB2" wa jalada la 2016 kwa kawaida anaelekezwa mionzi na kemo. Wa "IB2" wa 2022 anaweza kabisa kuwa wa upasuaji. Ukiwaweka kwenye kapu moja, modeli itasema madaktari wamebadili mwenendo na kupenda kisu. Kilichobadilika ni herufi tu.

Tena IIIC haikuwepo zamani. Mgonjwa mwenye tezi zilizoshambuliwa alikuwa anabaki IB au IIB.

Ninachopendekeza: msiingize hatua kama ilivyoandikwa. Rudini kwenye karatasi ya uchunguzi mchukue ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, kama umefika pembeni mwa kizazi, kama umefika ukuta wa nyonga, figo zimejaa maji au la, tezi. Kisha mpangeni upya wote kwa mfumo mmoja. Pasipo na sentimita, andikeni "haijulikani" kama kundi lake. Usijaze kwa kukisia kutoka kwenye tiba aliyopewa! Nimeona watu wanafanya: "alipasuliwa, basi atakuwa IB1." Umetumia jibu kutengeneza swali.

---

Makambako Njia Panda

Uyole Data +1. Na kukosekana kwa hatua siyo bahati mbaya. Mama anayekuja amechoka, anatoka damu, anaandikiwa shufaa siku hiyo hiyo na hakuna anayehangaika kumpima sentimita. Ukifuta mistari isiyo na hatua umefuta tawi zima la shufaa.

---

Binti wa Tukuyu

Nigusie figo, kwa tawi la tatu.

Watu wanaingiza kreatinini (taka ya damu inayopanda figo zikichoka) kama ilivyotoka maabara. Daktari wa mionzi haitumii hivyo. Anakadiria uwezo wa figo kusafisha damu, na fomyula ya Cockcroft-Gault kwa mwanamke, kreatinini ikiwa kwa maikromoli kwa lita, ni:

(140 − umri) × uzito × 1.04 ÷ kreatinini

Chukua mama wa miaka 58, kilo 49, kreatinini 120. Ukitazama 120 unaona imepanda kidogo tu. Piga hesabu: 82 × 49 × 1.04 = 4,178.7. Gawa kwa 120, unapata kama 35. Vituo vingi havimpi sisplatini mtu aliye chini ya 50, vingine hata chini ya 60. Kwa hiyo aliyenyimwa kemo hapo amenyimwa kwa sababu inayoonekana, lakini modeli yenye kreatinini ghafi itamwona kama mgonjwa mwenye figo karibu nzuri, na kulaumu umri wake au wilaya yake.

Sasa mitego miwili. Kwanza, figo kujaa maji ndiyo mojawapo ya sababu za kuitwa IIIB. Hatua na figo zinatembea pamoja, kwa hiyo usishangae kosa sanifu (kipimo cha mashaka ya namba) likivimba ukiziweka zote mbili. Pili, mgonjwa akiwekewa mrija wa kutoa mkojo kwenye figo, kreatinini inashuka. Ukichukua kipimo cha mwisho kwenye jalada, unachukua cha *baada* ya uamuzi. Hivyo hivyo hemoglobini: ukikuta 10.4, geuza ukurasa uone kama aliongezwa damu siku mbili kabla. Sheria ni moja, kipimo cha mwisho kabla ya tarehe ya uamuzi. Tarehe ya uamuzi ni ile daktari aliyoandika mpango, siyo ya kuanza tiba.

---

Mtwivila

Naongezea VVU, kwa sababu mikoa yetu hii huwezi kuiruka. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 uliweka Njombe juu kabisa kwa asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa 11.3, na Mbeya 9.3.

Kosa ni la safu ya CD4 (hesabu ya seli za kinga). Wasio na VVU hawapimwi CD4, kwa hiyo safu yao iko tupu. R ikikuta pengo inafuta mstari kimyakimya. Unaanza na wagonjwa 300, modeli inapigwa kwa 90, wote wenye VVU, na hujui. Angalia idadi inayoandikwa chini ya matokeo kabla hujasoma namba nyingine yoyote.

Wengine wanajaza 0. Mbaya zaidi: umewafanya wasio na VVU kuwa wenye kinga mbovu kuliko wote.

Fanya hivi: safu `vvu` iwe 0 au 1. Safu ya pili iwe (CD4 − 350) ÷ 100 kwa wenye VVU, na 0 kwa wasio nao. Hapo namba ya `vvu` inasoma tofauti ya mwenye VVU aliye na CD4 350 dhidi ya asiye na VVU, na namba ya pili inasoma kila ongezeko la seli 100. Mwenye VVU ambaye CD4 yake haijaandikwa ni suala jingine: mjazie kwa njia ya kujaza mara nyingi (multiple imputation), usimpe 0.

---

Kijana wa Mafiati

Nashukuru wakuu, nimejifunza. Nina maswali mawili. Modeli yangu ya tawi la pili inatoa koefisienti ya 18.6 na kosa sanifu 4,012 kwenye hatua IIB. Na je, naweza kuweka daktari kama athari nasibu (kila mmoja na mwelekeo wake, modeli ikikadiria wanavyotofautiana)? Ninao sita.

---

Mzee wa Kabwe

La kwanza: hakuna mgonjwa wako wa IIB aliyepasuliwa, sivyo? Programu inajaribu kufikia asilimia mia, inazidi kupanda bila kufika. Usikimbilie njia ya Firth (ya kuzuia namba isipande bila mwisho) kwanza. Jiulize kama upasuaji ulikuwa chaguo kwa IIB hapo hospitalini. Kama haukuwa, futa mstari wa upasuaji kwa wagonjwa hao, ndilo somo la Loleza la posti ya kwanza. Atakayebaki na mstari mmoja tu hakuna alichochagua, anatoka kwenye tawi hilo. Firth ni kwa pale chaguo lilikuwepo kweli lakini data ni chache.

La pili, subiri Uyole Data.

---

Uyole Data

Sita ni wachache. Tofauti (variansi) kati ya madaktari utaikadiria kwa watu sita, na itayumba ukimtoa mmoja. Jaribu: piga modeli mara sita, kila mara ukimwacha mmoja nje. Kama tofauti inaruka kutoka 0.2 mpaka 1.1, usiiandike kwenye muhtasari.

Ukiwa na madaktari wa kutosha, kwa tawi la machaguo mawili, soma hivi. Tuseme tofauti kati ya madaktari ni 0.8. Ngazi ya mgonjwa kwenye logiti inahesabiwa 3.29. Basi 0.8 ÷ (0.8 + 3.29) ni kama 0.20, yaani sehemu ya tano ya kisichoelezwa na hali ya mgonjwa kiko kwa daktari. Kwa lugha inayoeleweka zaidi: zidisha mzizi wa 0.8 kwa 0.954, uipandishe kwa e, unapata kama 2.35. Mgonjwa yule yule, akihama kutoka kwa daktari mmoja kwenda kwa mwingine mwenye mwelekeo wa juu zaidi, odi zake (uwezekano wa kupewa dhidi ya kutopewa) za tiba hiyo zinapanda kwa wastani wa kati (mediani) mara 2.35.

Lakini uliza kwanza jina lililo kwenye jalada ni la nani. Kama kuna kikao cha jopo cha kila wiki, aliyesaini ndiye aliyeshika kalamu. Na kama daktari fulani anashika kliniki ya Jumanne, siku wanayofika wa rufaa kutoka wilayani, "mwelekeo" wake ni ratiba ya mabasi.

---

Kijana wa Mafiati

Kikao kipo, Alhamisi.

---

Uyole Data

Basi kitengo chako ni kikao, daktari achana naye.

---

Makambako Njia Panda

Swali la kizushi: kwa nini msitumie modeli hiyo hiyo kuonyesha tiba ipi inaokoa maisha zaidi? Data si mnazo?

---

Binti wa Tukuyu

Ndugu, hapo utaumia. Aliyepewa kemo ni yule mwenye figo nzuri, damu nzuri, na ndugu wa kumsindikiza. Angeishi zaidi hata bila kemo. Modeli ya uchaguzi inaweza kukusaidia kutengeneza uwezekano wa kila mgonjwa kupewa tiba, ukalinganisha wanaofanana, lakini inalinganisha kwa yale tu yaliyoandikwa. "Anaonekana dhaifu" haiko kwenye jalada.

Na kuna saa. Ukihesabu uhai wa waliopata mionzi kuanzia tarehe ya uamuzi, na kituo kilikuwa na foleni ya siku 60, hao wamezawadiwa siku 60 ambazo hawawezi kufa, maana aliyekufa kwenye foleni hukumwandika kuwa amepata mionzi. Weka alama siku ya 60, anza kuhesabu wote hapo, na uwagawe kwa hali yao siku hiyo.

---

Loleza

Namalizia na kwa wale ambao majalada yao hayafai kabisa: dodoso la kuchagua. Unamwekea daktari kadi zenye wagonjwa wa kubuni, anachagua. Faida yake ni kwamba seti ya machaguo umeiweka wewe.

Sifa sita zinatosha: hatua (IIB, IIIB), umri (35, 55, 70), usafishaji wa figo (70, 45), VVU (hana, anayo), makazi (Mbeya mjini, Kyela), foleni ya mionzi (wiki 2, wiki 8). Michanganyiko yote ni 2×3×2×2×2×2, yaani 96. Hakuna daktari atakayejibu 96 mwisho wa zamu. Chagua 12 kwa mpango wenye ufanisi (unaotoa taarifa nyingi kwa kadi chache), na urudie kadi moja mwishoni uone kama anajibu sawasawa.

Idadi ya wajibuji: kanuni ya kidole gumba ya Orme ni 500 × ngazi nyingi kuliko zote kwenye sifa moja ÷ (kadi × machaguo kwa kadi). Hapa ni 500 × 3 ÷ (12 × 2) = 62.5, yaani madaktari 63. Wa saratani peke yao Nyanda za Juu Kusini hawafiki, kwa hiyo itabidi uongeze madaktari wa wanawake na wa upasuaji, na uwaandikie kadi za tawi la kwanza na la pili tu, wanayoyaamua wenyewe.

Ubaya wake: wanajibu kama kwenye mtihani. Mgonjwa wa Kyela wa kwenye kadi hana nauli ya kukosa, na kila mtu anaandika kile mwongozo unachosema. Ukitaka wasijibu kimtihani, weka foleni na makazi kwenye *kila* kadi, na swali liwe "ungemwandikia nini Jumatatu kliniki", siyo "tiba sahihi ni ipi".

---

Mtwivila

Mkuu, kabla uzi haujafungwa, la kuwasilisha. Msiwapelekee madaktari jedwali la odi. Tengenezeni wagonjwa watatu wa mfano, andikeni uwezekano wa kila chaguo kwa asilimia, mara mbili: kwa seti kamili ya machaguo, na kwa seti ya siku dawa imeisha. Pengo kati ya safu hizo mbili ndilo ambalo mganga mfawidhi atalisoma.

Na kwenye viambatisho msiweke seli yenye mtu mmoja. "Miaka 29, Kyela, IVA, shufaa" anajulikana kijijini kwake hata bila jina. Unganisheni umri kwa miaka kumi kumi na wilaya kwa mkoa.

---

Kijana wa Mafiati

Nimerudi kwenye data. IIB walikuwa 71, wote bila upasuaji kweli. Nimefuta mistari 71, hatua nimebakisha IA2 mpaka IB3. Kosa sanifu la hatua limeshuka mpaka 0.41. Umri sasa ndio umebadilika alama.

---

Mzee wa Kabwe

Umri kwenye safu zako uliuzidisha kwa mkono, au uliiachia programu?